Mshale wa Mheshimiwa
Jumapili iliyopita huko Kagio, pilau ya harambee ya kanisa ilipoa kwenye sufuria, maana hakuna anayekula kabla ya mgeni rasmi. Mheshimiwa alifika kutoka Nyeri saa tisa, na lile gari lake jipya la dizeli lenye viti vya ngozi.

"Mnisamehe," akasema. "Hii gari iko na turbo. Mshale wa joto ukifika tu katikati, namwambia dereva asimame ipoe."

"Pole sana kwa safari," mzee wa kanisa akamjibu, akiinama.

Nilichungulia kwenye dirisha la gari, injini ikiwa bado inanguruma. Mshale ulikuwa katikati, pale pale unapotakiwa kukaa injini ikiwa nzima. Wetu sisi tulioketi juani tangu asubuhi ulishaingia kwenye nyekundu, lakini tulimpigia makofi ya kilo.