Siku Dosye za Wateja Wetu Zilipoibiwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Direkta, mzee mfupi aliyefunga tai hata kwenye joto la mwezi wa kumi, alinisimamisha mbele ya makabati ya chuma akaniuliza kama nina ndugu wengi hapa Lubumbashi. Nikajibu, "Ndiyo Papa, wamejaa." Akacheka.

"Basi njo bale batakusumbua," akasema. "Batauliza: fulani analeta mahesabu yake kwenu? Iko na mali? Weye utajibu tu: mumuulize ye mwenyewe."

Ninyi vijana mnaoingia leo katika fidusieri, yaani ofisi inayowashikia watu hesabu zao na kuwatayarishia kodi, mnafundishwa siri ya kazi kwa maneno marefu. Mimi nilifundishwa nikiwa nimesimama, mkoba begani. Na jioni ile ile shangazi yangu akaniuliza habari za mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu! Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Shangazi alininunia mpaka Krismasi.

Walinianzisha kwenye kupanga karatasi. Kisha nikapelekwa kwa Mkuu wa Hesabu kufanya pwantaji: unalinganisha karatasi ya benki na kitabu cha mteja, mstari kwa mstari, na kila panapokubaliana unatia alama ndogo ya kalamu. Mkuu huyo alikuwa mkali, jamani! Alama ikiinama kidogo anakuita. "Mama Georgette, hii alama iko inalala. Isimamishe." Nilikuwa nanung'unika, lakini alama zangu zilisimama, na mpaka leo najivunia. Mwishowe wakanipa kazi niliyoipenda kuliko zote, ya kuwapokea wateja. Hapo sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Mteja akisema "halo" kwenye simu nilijua ni nani na amekasirika kiasi gani.

Miaka yangu ya mwisho mzee wa tai alikuwa amekwisha kustaafu, na tulikuwa na Direkta mpya, kijana mpole. Asubuhi moja kompyuta zote zilikataa kufunguka. Mmoja wetu alikuwa amepokea barua ya mtandao yenye sura ya ofisi ya kodi, akaifungua kwa nia njema. Kumbe ni wezi. Walikuwa wamenakili dosye za wateja wote, yaani mafaili yao: namba za simu, mikataba, hati za nyumba, kila kitu. Aliyefungua simtaji, maana hata mimi ningeifungua.

Mkuu wa Hesabu alitaka tunyamaze kwanza. "Tukisema, ba client bote batakimbia," alisema. Direkta akanigeukia.

"Mama Georgette, weye unawaza nini?"

"Papa Direkta, tukinyamaza, bataibiwa na hawajue," nikamwambia. "Afazali batutukane leo."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Tubaite."

Tukawaita, na tulitukanwa, Mungu wangu! Mteja mmoja wa mtaa wa Golf alikuja na avoka wake, yaani wakili, akachukua karatasi zake zote akaenda zake. Wengine walikimbilia benki kubadili maneno yao ya siri. Muuza vipuri mmoja aliwapigia wateja wake wote kuwaonya: "Asiyesikia sauti yangu mimi mwenyewe asitume kitu." Direkta alisimama mlangoni akiomba samahani kwa kila aliyeingia, na mimi pembeni yake. Siku hiyo nilimheshimu sana yule kijana.

Mama Anyesi hakututukana. Alikaa akikunja ncha ya kitenge chake. Yeye ni mjane, anauza samaki wa kukausha kutoka Pweto. Mumewe alipokufa, ndugu za mume walichukua nyumba na vyombo, wakang'oa mpaka milango. Alianza tena na kapu moja sokoni. Alipofaulu kununua nyumba Naviundu, akaiandikisha kwa majina ya binti zake, na mashemeji zake akawaambia anapanga tu, kwamba bayeri wake, yaani mwenye nyumba, ni mzee mmoja anayekaa Likasi. Mzee huyo hajawahi kuwepo duniani! Ukweli tuliujua sisi tu, kwa sababu ndio tuliokuwa tunamtengenezea kodi ya nyumba, na katika dosye yake tulikuwa tumeandika: ndugu za mume wasijue.

"Yaya," akaniuliza polepole, maana aliniita dada yake mkubwa, "karatasi ya nyumba nayo balibeba?"

"Balibeba, Mama."

Alifumba macho. Nikamshika mkono.

Haukupita muda, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Atume makuta, yaani pesa, la sivyo ndugu za mumewe wataonyeshwa hati. Tulimsindikiza polisi, wakaandika, wakasema watatazama. Wezi waliendelea kupiga simu. Mama Anyesi akakonda. Alikuwa anaona tena milango inang'olewa, na safari hii ni ya watoto wake. Siku moja aliingia ofisini kwangu, hata kukaa hakukaa.

"Yaya, nilikataa," akasema. "Sitabalipa. Nitaitisha ba mulamu bangu, ba ndugu ba bwana yangu, nibaambie mi mwenyewe. Lakini utakuja na mi, juu ni kwenu njo kulitoboka."

Alisema kweli, siri ilivujia kwetu. Direkta alimlipia avoka, naye akatueleza kwamba nyumba iliyonunuliwa na mjane kwa jasho lake baada ya kifo haimo katika urithi wa marehemu. Nikaenda na nakala ya hati ndani ya mkoba, moyo unapiga kama mimi ndiye mjane.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, katika nyumba ile ile ya Naviundu. Mama Anyesi alipika bukari, ugali wetu, na samaki, maana shemeji mwenye njaa hasikilizi neno. Mkubwa wao alikuwa Papa Silvani, kaka wa marehemu, mtu wa reli wa zamani mwenye sauti nzito. Walipokwisha kunawa, Mama Anyesi akasimama.

"Ba mulamu, hii nyumba sipangi. Ni ya batoto ba ndugu yenu. Niliuza samaki, nikainunua."

Papa Silvani akamtazama. "Na ule bayeri wa Likasi?"

"Haiko."

"Haiko namna gani? Si nilikuwa namutumia salamu! Si nilimutumia maneno juu ya hii paa inavuja!"

"Salamu zilifika, mulamu. Na paa nilitengeneza."

Mke wa Papa Silvani aliangua kicheko. Mumewe hakucheka hata kidogo. Alisimama, kidole juu. "Kumbe weye ulituona shiye ni bevi?"

"Mulibeba mpaka milango," Mama Anyesi akasema. Macho hakuyashusha.

Mimi nikatoa hati, nikaiweka mbele ya Papa Silvani, nikamweleza maneno ya avoka. Akavaa miwani yake, akasoma kwa kufuatisha kidole. Kidole kikasimama kwenye jina la kwanza, la binti mkubwa. Huko kwetu mtoto hurithi jina la mkubwa wa ukoo, na binti yule alikuwa amepewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Papa Silvani na wa marehemu.

"Numbi," Papa Silvani akasoma. Akarudia, "Numbi. Nyumba iko kwa jina ya mama yangu." Akakaa chini.

Hapo ndipo simu ya Mama Anyesi ilipolia. Ile namba tuliijua sote wawili. Aliniangalia, nikaitikia kwa kichwa, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Mama," mwizi akasema, "leo njo mwisho. Usipotuma, tunaita mulamu yako."

Papa Silvani akainyakua simu. "Halo! Ni miye bayeri wa Likasi! Unatafuta nini mu nyumba ya mama yangu?"

Simu ikakatwa. Hawakupiga tena. Nyumba nzima ilicheka, na Mama Anyesi akalia, akacheka, akalia tena, na mimi pia.

Wateja wengine walituacha na hawakurudi, na siwalaumu. Tuliibiwa, hilo sitalificha nikijisifu. Lakini hakuna mteja aliyetuita waongo, na kwa hilo natembea kichwa juu mpaka leo, na pensheni yangu hii ndogo.

Wiki yangu ya mwisho kazini tulikuwa tunatengeneza dosye upya. Chumba cha kungojea kilijaa watu. Mama Anyesi alipofikiwa, binti wa mapokezi aliinama, akamuuliza kwa kunong'ona, kama nilivyomfundisha, kama ana nyumba.

"Nyumba?" Mama Anyesi akasema, na kila mtu akageuka. "Niko nayo! Iko Naviundu! Andika, mutoto wangu, na usininong'oneze!"