Bibi aliyegoma kupanda boti Kagunga mpaka aone ng'ambo ya ziwa

Habari za muda huu wakuu. Hii niliiona kwa macho yangu na sitii chumvi. Mwenye haraka apite tu.

Mimi ni Muha wa Kagunga. Kwa msiopajua, mbele ni Ziwa Tanganyika, nyuma ni mlima umesimama wima. Gari halifiki. Unaingia kwa maji, unatoka kwa maji, basi.

Kipindi kile Warundi wanakimbia vurugu kwao, ufukwe ulijaa mpaka pa kukanyaga hapana. Kipindupindu nacho kikaingia. Meli ya kuwapeleka Kigoma mjini inasimama kwa mbali, sisi wa boti tunawasogeza.

Nikapewa bibi mmoja na mjukuu wake mdogo. Mtoto anaharisha, macho yameingia ndani. Nesi akaniambia pembeni kwamba meli hii ikimwacha, hafiki kesho.

Bibi wa watu katoka milimani kwao, ziwa kalisikia tu. Akapanda vizuri. Maji yetu ni maangavu aisee, chini anaona mawe na visamaki vya mistari vinadonoadonoa, anamwonyesha mjukuu.

Ghafla chini pakapotea. Weusi mtupu. Ziwa letu halina utani, hatua chache tu linashuka kama ukuta wa nyumba.

Bibi akapiga yowe, tukarudi. Hapandi tena! Na mtoto hamwachii mtu, maana mama yake alipotelea njiani.

Kiha na Kirundi tunasikilizana, kwa hiyo nikambembeleza. Akauliza ng'ambo iko wapi. Nikamwonyesha Kongo. Anatazama, anaona ukungu tu.

"Kwenye maji yasiyo na mwisho simpeleki huyu," akasema.

Meli ikapiga honi.

Mara mvua ikashuka, kubwa, ya muda mfupi. Ilipokata, daah, wakuu. Milima ya Kongo ikatokea yote, mpaka mabonde unayaona. Ziwa likawa bluu upande hadi upande, tai furukombe anakatiza na samaki wa mgebuka kwenye kucha. Nimezaliwa pale na bado nilishangaa kama mgeni.

Bibi akasimama akitazama.

"Kumbe Mungu hakuishiwa ardhi."

Akapanda mwenyewe. Alining'ang'ania mkono mpaka kwenye meli, nikabaki na alama za kucha.

Miezi ikapita, nikapata safari ya kambini walikopelekwa wakimbizi, nikamtafuta. Mtoto mzima kabisa, anafukuza mpira wa makaratasi. Bibi nilimkuta kwenye foleni ya maji, bomba linatoa tone tone kwa kuhurumia. Nikampa shikamoo, akanitambua, akacheka sana.

"Mwanangu, lile ziwa lako bado limejaa?"

Nikamwambia limejaa, Bibi. Akatikisa kichwa, akasogeza ndoo yake mbele kidogo.

Tangu hapo simcheki mtu anayeogopa maji, na mimi mwenyewe nikichota ufukweni simwagi ovyo.

Mliokuwa Kagunga kipindi kile, hata nyie wa Ujiji na Ilagala, semeni na nyie ziwa lilivyowaonyesha.