Ufa wa Ubao wa Pili

Wateja wa Sumbawanga hawanunui mlango kwa macho. Wanaingia kwenye karakana yangu, wananisalimia vizuri, wanaulizia familia, kisha wanakunja vidole na kuugonga ubao kutoka juu hadi chini huku wametega sikio. Ukilia vizuri, maongezi yanaendelea. Ukilia kama debe tupu, wanaaga na kwenda kwa fundi wa jirani. Nimewazoea, lakini sijawahi kuipenda tabia hiyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtu akigonga kazi yangu naona amenigonga mimi kwenye paji la uso.

Mdogo wangu alikuwa akiwacheka. "Kazi ya kaka haigongwi," aliwaambia, na kweli yeye hakuwahi kugonga. Kitanda chake cha ndoa nilikitengeneza mimi, akakipokea akakipakia. Jeneza la mama yetu nilitengeneza mimi, akalibeba kwa mbele bila hata kulitazama misumari. Tulizaliwa wawili tu, na tangu mama alipofariki alinifanya mimi ndiye mama na baba, ingawa nimemzidi miaka minne tu.

Alioa Kirando, kule ziwani, akahamia huko, akawa anavua dagaa kwenye boti za watu. Miaka kadhaa iliyopita akanipigia simu: anataka boti yake mwenyewe, na anataka niiunde mimi. Nikamwambia mimi ni fundi wa milango na mabenchi ya kanisa. Akasema, "Kaka, nipande boti ya mtu nisiyemjua na fundi ninaye nyumbani?" Nilipaswa kukataa. Lakini nani hukataa kusifiwa na mdogo wake?

Basi tukaiunda uani kwangu, Sumbawanga, juu huku kwenye baridi, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya mtaroni wakati wa masika. Mbao za mninga nilizichagua mwenyewe. Watu waliotoka misa ya kwanza walisimama kwenye uzio. "Nuhu, mvua lini?" Wiki nzima ya kwanza nilicheka nao. Wiki ya tatu nilimrushia mmoja kipande cha ubao, na jina la Nuhu likanikaa moja kwa moja.

Baba mkwe wa mdogo wangu alipanda kutoka ziwani kuja kunielekeza. Ni mzee mwembamba, kaunda boti maisha yake yote, na kwa siku tatu alizokaa hakuvua koti langu la baridi hata wakati wa kula. Alinifundisha kuupindisha ubao kwa moto na maji, na kuufunga kwenye mkuku, ule mti mkubwa unaokaa katikati chini kama uti wa mgongo. Kitu kimoja tulibishana. Mimi nilizibana mbao mpaka kucha isipite katikati. Yeye akanifungulia. "Acha nafasi ya pamba," alisema. "Mbao ikinywa maji inavimba. Ukiibana sasa, itavunjana yenyewe." Fundi wa milango kuambiwa aache nafasi! Niliumia, ila nilitii. Kabla hajaondoka akanipa onyo moja tu: nisipige msumari bila kutoboa tundu kwanza, kwa sababu mbao za huku juu zinakaushwa na upepo mpaka zinakuwa kama biskuti.

Nikabaki na kazi ya kumalizia chini. Boti ilikuwa imepinduliwa juu ya magogo, tako juu, nami nikawa nasokota pamba kuwa kamba nyembamba, naichovya kwenye mawese, naisindilia kwenye kila mwanya kwa patasi butu na nyundo. Ni kazi ya kupiga magoti. Mke wangu alikuwa ananisokotea pamba, mikono yake imekuwa myekundu kwa mawese, na kusema kweli zile zilikuwa siku nzuri. Tulikuwa tunaongea kama zamani.

Siku ya mwisho iliharibika asubuhi. Dereva wa fuso alipiga simu kwamba safari ya Kirando imerudishwa nyuma, anakuja kesho badala ya wiki ijayo. Huko ziwani katekista alikuwa ameshaambiwa aje kuibariki boti, shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ameshakoroga pombe ya ulezi. Nilikuwa nimebakiza misumari ya ubao mmoja, wa pili kutoka kwenye mkuku, upande wa kushoto. Sikutoboa. Nilijiambia misumari sita tu. Mitano iliingia. Wa sita, karibu na nyuma, ukaingia na sauti ndogo kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto, na ubao ukafunguka ufa wa urefu wa kiganja changu na nusu.

Nilipiga hesabu. Kuung'oa ubao ni siku mbili, na kuagiza mwingine na kuupindisha ni zaidi. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na hapo ndipo lilipo kosa langu.

Kila fundi wa samani anaijua dawa hii. Unachukua vumbi la msumeno la mti uleule, unalichanganya na gundi nyeupe mpaka liwe kama uji mzito, unalishindilia kwenye ufa, unaacha likauke, unapiga msasa. Ukimaliza, hata wewe mwenyewe utautafuta ufa usiuone. Nimeuza milango mingi yenye dawa hiyo, na iligongwa ikalia vizuri, na mpaka leo inafunguka na kufungwa. Mlango hauogi.

Mke wangu alinikuta nakoroga. "Hiyo ndiyo ya boti?" aliuliza.

"Wewe unajua boti?" Nilimjibu hivyo, kwa sauti ambayo jirani alisikia.

Alinawa mawese mikononi akaingia ndani. Nami nikapasha lami kwenye bati, nikaipaka chini yote kwa brashi, tabaka mbili, mpaka boti ikawa nyeusi tii na ubao wa pili ukafanana na wa kwanza na wa tatu. Asubuhi, wanaume tulipoipakia kwenye fuso, mke wangu alinifuata hadi mlango wa gari akanipa chakula kwenye hotpoti. "Umwambie," alisema. Nikamwambia nimesikia.

Barabara ya Kirando ina muda wa kutosha kumwambia mtu jambo. Mdogo wangu alikuwa amepanda kuja kunichukua, tukakaa naye mbele na dereva. Kila gari lilipodunda nilisikia ufa. Tulipoanza kuteremka na joto likaanza kutuingia, alivua sweta akaniegemea begani akalala. Ningemwamsha? Nilijiambia nitamwambia tukifika. Tulipofika, nikajiambia nimwache apumzike kwanza.

Kirando ilikuwa imejaa. Dagaa wameanikwa mchangani kote, akina mama wamesimama na vikapu kutazama boti iliyotoka mlimani. Niliwasikia wakiulizana ni nani aliyepaka lami vizuri hivyo, na nikaona fahari, na papo hapo nikaona aibu ya kuona fahari. Katekista aliomba, akanyunyiza maji ya baraka. Nilijibu "Amina" kama wengine.

Kisha mzee, yule baba mkwe, akasogea mbele. Safari hii hakuwa na koti. "Haya," alisema. "Aliyeziba chini, akae chini."

Sikuelewa. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza huku akicheka. Kwao ziwani, boti mpya ikiingizwa majini kwa mara ya kwanza, mtu aliyemalizia chini ndiye anayepanda peke yake na mpiga kasia, naye haketi kwenye ubao wa kukalia. Anaketi chini kabisa, juu ya kazi yake, mpaka boti ifike panapofunika kichwa na irudi. Suruali yake ndiyo inayosema.

"Mzee ulinifundisha yote, hili hukunifundisha," nilisema.

"Hili halifundishwi," alijibu.

Mimi ni mtu wa mlimani. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mbele ya katekista, mbele ya shemeji yangu na wale akina mama, na maneno nilikuwa nayo mdomoni. Niliyameza. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya uzeeni: niliona ni afadhali nizame kuliko niaibike. Nikapanda, nikakaa chini upande wa kushoto, karibu na nyuma, nikaufunika ufa kwa mwili wangu. Nilidhani aliyepangiwa kupiga kasia ni mtu mwingine, kijana fulani wa pale. Kumbe ni mdogo wangu aliyeruka ndani.

"Kaka hajui kuogelea," aliwaambia watu. "Nitamshika kola." Wakacheka, wakatusukuma.

Boti zote mpya hutoa jasho kwanza kwenye viungo, mpaka mbao zivimbe. Mzee alikuwa ameniambia. Kwa hiyo maji yalipoanza kulowesha suruali sikushtuka. Mdogo wangu alikuwa anapiga kasia akinitazama, amelipa ziwa mgongo, uso wake unang'aa kwa furaha, akiniambia mahali atakapokuwa anatega nyavu, na kwamba mwakani mke wangu hatanunua dagaa tena sokoni. Nikapitisha mkono chini ya paja. Kidole changu kikaingia. Ile dawa yangu ilikuwa imelainika kama ugali wa jana uliomwagiwa maji, na chini yake nilihisi baridi ya aina nyingine.

"Rudi," nilisema.

"Umeanza kuogopa?"

"Rudi ufukweni."

"Bado kidogo tu, kaka, mzee anatutazama." Na akapiga kasia mbili za nguvu.

"Kuna ufa," nilimwambia. "Nimeukalia. Niliupasua mwenyewe kwa msumari, nikaujaza vumbi na gundi, nikaupaka lami ili usiuone."

Kasia lilibaki juu, linadondosha matone. Kisha akaigeuza boti, akapiga kasia kurudi, hatazami usoni mwangu tena, anatazama paja langu pale mkono ulipozama. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yake tulipogusa mchanga.

Waliipindua palepale. Mzee akatoa kisu, akakwangua lami kwenye ubao wa pili, pale nilipokuwa nimekalia, bila mtu kumwonyesha, akachokonoa. Vumbi langu likatoka kama makombo. Alilipima kwenye kidole gumba, akalinusa, akanitazama. Akina mama wakaanza kugeuza dagaa zao ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Mdogo wangu alinivuta pembeni. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Akauliza taratibu tu, "Kama hapa kusingekuwa na desturi hii, ungepanda basi ukarudi nyumbani?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ni neno fupi, na angelitaka sana. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya kwa kazi ya mikono, sikuthubutu kumwongezea kwa mdomo. "Sijui," nilimwambia.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaenda kutafuta nyundo.

Nilikaa Kirando siku tano. Tuliung'oa ubao, tukatafuta mwingine, tukaupindisha, na safari hii nilitoboa kila tundu, mzee amekaa kando yangu. Shemeji yangu aliniletea chakula mapema kuliko wengine, kwa heshima ileile, na heshima ile iliniuma kuliko kama angenitupia sahani. Tulipomaliza nilikaa tena chini, tukaenda mpaka panapofunika kichwa, tukarudi. Suruali ililowa kidogo, kama inavyotakiwa. Watu walipiga vigelegele, na mdogo wangu alinishika mkono kunishusha.

Boti ile inavua. Dagaa zinapanda Sumbawanga kwa basi, gunia limeandikwa jina langu kwa mwandiko wake, na mke wangu anazikaanga bila kuniambia kitu. Milango bado natengeneza. Ufa ukitokea, nauacha uonekane, namwonyesha mteja kwa kidole, na wengi wanaaga.

Kila mwaka boti lazima ipinduliwe na pamba ibadilishwe, na kila mwaka mdogo wangu ananipigia simu. Hajaita fundi mwingine. Mwaka huu nilifanya kazi siku nne, nikasindilia, nikapaka lami, nikanyoosha mgongo nikamwambia tayari. Akaja, akanishukuru, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akapiga magoti kwenye mkuku, akakunja vidole, akaanza kugonga. Aligonga ubao wa kwanza wote, mbele hadi nyuma, akahamia wa pili, ametega sikio, wala hakujaribu kunificha. Nikafuta mikono yangu, nikasimama pale juani, nikamsubiri mpaka amalize.