Jasusi wa Meza ya Mkasi

Kwenye karakana ya kushona sare walimwita Kimya, maana wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mimi mambo ya watu simo." Simo gani! Alikuwa mkata vitambaa hodari, mkono hautetereki, lakini masikio yake yalifanya kazi kuliko mkasi. Neno likidondoka karibu na meza yake, kabla ya chai lilikuwa limeshapanda ngazi hadi kwa bosi. Wenye maneno makali wangesema umbea. Yeye aliita uaminifu, na uaminifu huo aliutegemea umpe kiti cha msimamizi, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu. Alikitamani kiti kile mpaka akawa anakipangusa vumbi mwenyewe akipita.

Mpinzani alikuwa mmoja tu, dada wa vifungo. Kwa hiyo aliposikia dada huyo akimnong'oneza mpiga pasi kwamba kiwanda kingine kinamwita, Kimya alizipanda ngazi mbilimbili. Akashuka anapiga mluzi.

Jioni hiyo, baada ya kula, mkewe aliwasha televisheni kutazama tamthilia mpya ya vichekesho vya kijasusi. Jasusi mwenyewe, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, amejipenyeza kwenye kiwanda cha mikate akijidai mfagiaji. Waokaji wote wanamjua. Wakitaka kitu kwa wakubwa wanamsogelea na kunong'ona kwa sauti ya kuamsha mtaa, naye mbio nyuma ya magunia ya unga, kutuma taarifa kwa simu aliyoificha ndani ya mkate.

Mke alicheka mpaka akashika mbavu. "Maskini wa Mungu! Wanamtuma kama kifurushi, na mwenyewe anajiona mwamba!"

"Mchezo wa ovyo," Kimya alisema. "Jasusi gani anajulikana na kila mtu isipokuwa yeye?"

"Baba watoto, si ndio uhondo wenyewe?"

Uhondo huo ulimkwama kooni. Karakana ilikuwa na stoo, ilikuwa na uwanja wa nyuma, ilikuwa na pembe chungu nzima za kunong'onea. Kwa nini siri zote zilisemwa kando ya meza yake? Mpiga pasi alilalamikia joto pale pale, na feni ikaja. Dada wa vifungo aliisema cherehani yake mbovu pale pale, na mpya ikaja. Kimya akaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuwasha masikio. Akaapa kufunga mdomo.

Kesho yake wakanong'ona kuhusu choo kinachovuja. Akakata kitambaa, kimya kweli safari hii. Siku zikapita, choo kikazidi kuvuja, hadi dada wa vifungo akamfuata mezani.

"Kaka Kimya, unaumwa?"

"Mimi? Mzima."

"Mbona choo bado? Umekwamia wapi?"

Mkasi ukamponyoka. "Kumbe mnajua?"

"Kha! Nani asiyejua? Wala usinune, kaka. Sisi wengine tukipanda huko juu tunaonekana wakorofi. Wewe unasikilizwa."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko tusi. Kimya akapanda ngazi, safari hii kwa shida yake mwenyewe. Liwalo na liwe.

"Bosi, kile kiti cha msimamizi..."

"Ah, nimeshampa dada wa vifungo," bosi alisema, akifunga kalamu. "Wewe mwenyewe si ulinitonya kwamba anataka kutukimbia? Ningempotezaje mtu kama yule? Asante sana, umenisaidia."

Kimya alishika ukingo wa meza. "Na mimi je, bosi? Nilikuwa nakitaka."

Bosi alimtazama kwa mshangao usio na hila hata kidogo. "Wewe? Hapana bwana. Ungekuwa unakitaka ningeshasikia. Karakana hii hakuna jambo lisilonifikia."

Kimya akajiuliza. Kweli, nani angemfikishia?

"Haya," bosi alisema, akivuta kiti karibu na kushusha sauti kama kawaida yao. "Huko chini kuna nini leo?"

Kimya naye akasogea.

"Choo kinavuja," alisema.