Mnyama Haingii Shuleni

Mniwie radhi, kisa hiki kinamtaka msimulizi anayejua kubweka na kuwika, nami nina mafua.

Nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja hapa Dodoma, nikimtafutia mwanangu nafasi. Mbele yangu alisimama mama mmoja na binti yake asiyeona, aliyeshika kamba ya mbwa.

"Mtoto tunampokea," alisema mwalimu mkuu, miguu kaipandisha kitini. "Mbwa hapana. Mnyama haingii shuleni."

"Mwalimu wangu, huyu ndiye anayemvusha reli. Mbwa akirudi nyumbani, na mtoto anarudi."

"Sheria ni sheria, mama."

Nami, mpenda sheria, nikaitikia kwa kichwa. Hapo hapo kikapu changu kikawika. Siku hizi za soko huria, nani anakwenda kuomba nafasi mikono mitupu?

Mama akakitazama kikapu, kisha akamtazama mwalimu. "Na huyo anaingia darasa la ngapi?"

Mwalimu mkuu akashusha miguu. Mbwa akaruhusiwa kulala mlangoni mwa darasa. Lakini sheria haikufutwa, maana siku ile ile ilitimua mnyama mmoja na mtu wake: jogoo na mimi.