Sekunde Tatu Anazoziogopa Fundi Sikio

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu amepiga magoti juu ya kipande cha zulia kuukuu. Mkono wake wa kulia umezama mbele ya injini ya gari dogo la abiria lenye rangi ya maziwa. Ameshika spana ndefu na anaizungusha injini kwa mkono, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto.

Anazungusha mara moja, anasimama. Anazungusha mara ya pili, anainuka na kumulika kwa kurunzi juu ya injini, ambako kifuniko bado hakijafungwa. Alama mbili ndogo zilizochongwa kwenye chuma zimekaa mahali pake. Anarudi chini na kuanza upya. Hii ni mara ya sita.

"Mizunguko miwili inatosha," anasema bila kuinua macho. "Hii mingine yote ni ya woga wangu."

Majirani wanamwita Sikio. Gereji yake ni ua mdogo wenye mabati upande mmoja, meza ya chuma yenye jiliwa la kubania vyuma, na ukuta uliojaa misumari ambako kila spana ina msumari wake. Kwa miaka ishirini na minane watu wamemletea magari yao wakiamini kwamba anachosikia yeye hakisikii mwingine.

Chombo chake kikuu ni bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha anaiweka kwenye injini inayounguruma, mpini anauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Wakati huo hakuna anayeruhusiwa kuongea. Akiinua kidole kimoja, hata mchomeleaji wa ua wa pili huzima mashine yake, ingawa hakosi neno la kumtania. Sikio akimaliza, jirani huyo humuuliza injini imesema nini leo, au imeomba chai.

Siku hizi utani huo haumchekeshi Sikio.

Gari lililo mbele yake ni la mkunga mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, anayelitumia kuwapeleka kina mama hospitali uchungu unapowaanza. Wiki sita zilizopita mkunga alilileta mchana, akiwa katikati ya kazi. Alieleza kwamba asubuhi, likiwashwa tu, linalia kama mtu anayetikisa funguo mfukoni, halafu linanyamaza lenyewe.

Sikio aliweka bisibisi yake, akafumba macho, akasikiliza kwa dakika kumi nzima. Hakusikia funguo wala mfuko.

"Nilimwambia, 'Hakuna kitu, Mama. Nenda kazini,'" anakumbuka. "Maneno yangu mwenyewe. Nikafunga boneti, nikaipiga makofi mawili kama ninavyofanya siku zote."

Jumatatu ya wiki iliyopita, mkunga alikuwa akishuka mteremko mrefu wa kuelekea hospitali, nyuma yake mama mwenye uchungu wa mimba ya kwanza. Kulisikika mlio kama sahani nyingi zimeanguka jikoni, kisha injini ikazima. Usukani ukawa mzito. Breki ilikubali mara ya kwanza, na mara ya pili ikawa ngumu kama kukanyaga ukuta. Mkunga alilielekeza gari kwenye rundo la mchanga wa ujenzi kando ya barabara, na mchanga ukalipokea.

Mama yule alibebwa na gari lingine akajifungua salama jioni hiyohiyo. Mkunga aliteguka kifundo cha mkono. Alipofika gereji nyuma ya gari lake lililovutwa kwa kamba, hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba limezima, na Fundi aangalie.

"Angenitukana ningelala," anasema Sikio.

Kujua ugonjwa hakukumchukua muda. Alipowasha, injini ilizunguka nyepesi mno, kama cherehani isiyo na kitambaa. Injini isiyo na ubovu huzunguka kwa kuhema, kwa sababu inabana hewa ndani yake. Hii haikubana chochote. Alifungua kifuniko cha kumiminia oili, akamwomba mkunga azungushe tena, akachungulia. Vyuma vya juu ambavyo vilipaswa kuzunguka vilikuwa vimetulia kabisa. Hapo akajua kwamba cheni ya taimingi imekatika.

Cheni hiyo huunganisha sehemu ya chini ya injini, inayopandisha na kushusha pistoni, na sehemu ya juu, inayofungua na kufunga valvu. Ikikatika, pistoni hupanda na kukuta valvu bado zimefunguka, na vyuma hugongana. Alipoinua silinda hedi, sehemu ya juu inayobeba valvu, alikuta valvu tisa kati ya kumi na sita zimepinda. Kwenye vichwa vya pistoni kulikuwa na makovu ya duara nusu, mfano wa mwezi mchanga, ila hazikupasuka. Chini, kwenye bakuli la oili, aliokota vipande vya plastiki nyeusi vya reli inayoiongoza cheni. Alivipanga mezani kimoja kimoja mpaka reli yote ikatimia, kwa kuwa kipande kimoja kikisalia ndani kinaweza kuziba njia ya oili na kuua injini upya.

Kisha alitundika cheni mbili kwenye msumari mmoja, ile mpya na ile iliyokatika, akiwa ameunga ncha zake kwa waya. Ya zamani ilining'inia chini zaidi kwa urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Ilikuwa imevutika siku nyingi. Ilikuwa ikilia.

Swali linalomtesa ni kwa nini hakuisikia, na majibu ni mawili.

La kwanza ni kosa la kazi. Cheni iliyolegea hulia injini ikiwa baridi, kwa sekunde mbili tatu hivi, mpaka oili ipande na kujaza kifaa kinachoikaza. Baada ya hapo hunyamaza. Mkunga alikuja na injini ya moto, na fundi aliisikiliza ya moto. Kanuni ya gereji ile inajulikana: gari likilalamikiwa kelele za asubuhi, lilale gereji, lisikilizwe kesho yake kabla halijapata joto. Siku ile Sikio aliivunja kwa sababu mkunga alikuwa na wagonjwa wawili wanaomsubiri, na kwa sababu alijiamini.

Kanuni hiyo aliiweka kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi na aliyemwachia bisibisi ya mpini wa mbao. Kaka huyo alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye mteremko huohuo wa hospitali, ndani ya lori lililozima injini likiwa na mzigo. Hapakuwa na mchanga. Lori liliuzwa kama chuma chakavu kabla mdogo wake hajapata nafasi ya kulifungua, kwa hiyo hadi leo hajui lilizima kwa nini. Bwelasuti ya marehemu, vazi lake la kazi, bado iko kwenye msumari wake, na hakuna anayetundika kitu juu yake. Tangu mazishi, Sikio hajashuka mteremko ule. Akiwa na safari ya upande huo huzunguka njia ya nyuma, nusu saa zaidi.

Jibu la pili ndilo analoliogopa kuliko mteremko.

Mke wake, anayeuza vitambaa mtaa wa pili, ndiye aliyeligundua. Redio ya nyumbani imekuwa ikipandishwa sauti kidogo kidogo. Akimwita mumewe kwa nyuma, haitikii. Jioni moja mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga kwa mvuke, mume amekaa hatua mbili kutoka jikoni, na maji yakakauka mpaka sufuria ikaungua. Alimuuliza kama amekasirika. Mume akasema hakusikia kitu.

"Sauti nene nazisikia zote," Sikio anaeleza. "Zile nyembamba ndizo sijui. Na cheni ni sauti nyembamba."

Kama masikio yamekufa, anasema, basi kila gari alilolipiga kofi kwenye boneti mwaka huu limetoka na neno lake lisilo na maana. Hata hili la leo. Wakati mwingine anakaa akiwataja wenye magari hayo kwa kazi zao: mwalimu, muuza mkaa, dereva wa wanafunzi. Huyo wa wanafunzi hapendi kumfikiria.

Ndiyo maana asubuhi hii amemwomba mke wake aje. Injini yoyote iliyofungwa cheni upya, ikiwashwa mara ya kwanza, hulia kidogo kabla oili haijapanda. Hilo si kosa, linategemewa. Sekunde hizo tatu zitampa majibu ya injini na ya masikio yake kwa pamoja. Mke atauinua mkono juu atakaposikia mlio na kuushusha utakapokoma. Mume atafumba macho na kufanya hivyohivyo.

Kifuniko cha juu kimefungwa. Oili imepimwa mara tatu. Mkunga, kifundo cha mkono kikiwa bado na bandeji, ameketi kwenye usukani. Mchomeleaji amezima mashine bila kuambiwa na safari hii hana utani.

"Washa, Mama," anasema Sikio, na anafumba macho.

Starta inavuta. Injini inahema mara mbili, inashika, inaunguruma. Fundi amesimama mikono ikiwa mapajani, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Anasubiri. Anaendelea kusubiri. Anapofumbua macho, mkono wa mke wake umeshashuka.

"Imelia?" anauliza.

"Imelia. Nimehesabu moja, mbili, ya tatu ikanyamaza."

Sikio anatikisa kichwa polepole, kama aliyepewa habari ya msiba aliokuwa akiungojea. Injini inaunguruma vizuri, bila kukohoa, na mngurumo huo anausikia wote. Anafuta mikono kwa kitambaa kidole kwa kidole, kisha anakwenda dirishani kwa mkunga.

"Mama, mimi sijausikia mlio huo. Na siku ile sijui kama ni joto la injini au ni masikio yangu. Nilipaswa kukuambia tangu gari lilipovutwa kwa kamba."

Mkunga anaukandamiza usukani kwa mkono wake mzima.

"Injini ni nzima?" anauliza.

"Injini ni nzima. Mbovu ni mimi."

"Basi litalala hapa leo. Kesho nitakuja mapema nilisikie mwenyewe likiwa baridi, mimi na shemeji hapo." Anafungua mlango, anashuka. "Hospitali wanapima masikio Alhamisi. Nina mama wa kumpeleka siku hiyo. Kiti cha mbele kitakuwa wazi, Fundi. Na mimi sipiti njia ya nyuma."

Sikio anatazama bwelasuti ya kaka yake ukutani. Anasema atapanda. Macho atayafumba, lakini atapanda. Kabla ya hapo ana kazi ya siku tatu: kuwapigia simu wenye magari aliyoyatoa mwaka huu, akianza na dereva wa wanafunzi, na kuwaomba wayarudishe yalale gereji, kila moja usiku mmoja. Nani atayasikiliza alfajiri, bado hajui. Mke wake anajua.

Mwanamke huyo ameshaivuta bisibisi kwenye msumari wake.

"Mpini nyuma ya sikio, kwenye mfupa," mumewe anamwelekeza. "Usikandamize."

Anaweka ncha kwenye injini inayounguruma. Anafumba macho. Mume anasogea karibu na kumuuliza inasema nini.

Mke anainua kidole kimoja kumnyamazisha. Fundi Sikio ananyamaza, anamtazama usoni, na kungoja jibu kama wateja wake walivyokuwa wakilingoja kwake.