Ufuta Kwenye Breki

Kaka yangu alichagua breki kabla ya kuchagua baiskeli. Wenzake waliofuatana naye Masasi walitazama rangi, kengele na viti. Yeye alipiga magoti vumbini, akazungusha gurudumu, akabana breki, akasikiliza. Muuza mitumba alimtazama kama mtu anayemwona mwendawazimu ana kwa ana.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka Lulindi, nilikoolewa, kununua chumvi na sare ya shule ya mwanangu, na kaka akaniomba nimsaidie kuamua. Kumsaidia kuamua maana yake ilikuwa ninyamaze yeye aongee, kazi ambayo Mungu hakunijalia. Kaka alizoea kunitania kwamba mdomo wangu nao ungefaa kufungwa breki.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu tulivyovikosa tangu utoto vilipomwagika barabarani kwa mkupuo. Masasi ilijaa nguo za mitumba, redio, sufuria nyepesi, na baiskeli za gia zilizochoka huko Ulaya zikaja kuchoka tena kwetu. Hata korosho, ambazo zamani tulizipeleka kwenye ghala la ushirika na kukaa kusubiri, sasa zilikuwa na wanunuzi binafsi, na aliyeweza kuzifikisha mjini mwenyewe alisikilizwa zaidi. Kaka alikaa Mkunya, juu kabisa, kwenye nyumba ya jirani na ya mama. Ili azifikishe korosho zake Masasi ilimpasa kushuka ule mteremko.

Asiyeujua nitamweleza. Huko juu njia ni tambarare, mchanga na mikorosho, unaweza kuendesha baiskeli huku unasinzia. Halafu nchi inakwisha ghafla. Chini unaiona Lulindi na mashamba yote mpaka vilima vya Masasi, na njia inajipinda kuteremka kwenye mawe na makorongo. Baiskeli zetu za zamani zilikuwa na breki za fito, na ukiwa na mzigo mipira yake ilinuka, ikalainika, ikaisha kabla hujafika nusu ya njia. Kwa hiyo watu wetu walikuwa na breki yao wenyewe. Ukifika ukingoni unakata gogo, unalifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, unashuka ukiliburuta. Maadamu unalisikia likikwaruza nyuma yako, unajua uko salama. Chini unalifungua na kuliacha hapohapo, na sisi wanawake wa Lulindi tunaliokota kwa kuni. Nimepika ugali wa miaka mingi kwa breki za watu.

Baiskeli zilizobaki za kuchagua zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nzuri, nyekundu, matairi mapya, na breki za mpira zinazobana ringi. Nyingine ilikuwa imechunika rangi, kiti kimepasuka, lakini katikati ya kila gurudumu ilikuwa na diski, kisahani cha chuma chenye matundu, na kidude cha kukibana. Kaka alinipakia mimi nyuma, na mimi si mwepesi, akashuka nami kwenye kilima cha karibu na soko, akabana kwa vidole viwili. Tulisimama mpaka pua yangu ikagonga mgongo wake.

"Hii haijali matope, haijali mvua," muuzaji alisema. "Adui yake ni mmoja tu, mafuta. Mnyororo utie upendavyo. Hapa kwenye diski, hata tone usitie. Ukitia, huna breki."

"Nimesikia, baba," kaka akajibu, akaichukua ile mbaya.

Tangu siku hiyo hakuburuta gogo tena. Alishuka na magunia yake akiwapita wenzake, na mimi nikawa namwambia kwamba ananikosesha kuni. Aliyekuwa hacheki ni wifi yangu, mke wake. Yeye hakuwa na ugomvi na diski. "Bana hiyo ya Ulaya, na gogo lako uburute," alimwambia. "Breki mbili hazigombani." Kaka alimjibu kwamba alinunua moja ili aachane na nyingine. Wifi alikuwa mkali wa maneno kama mimi, na kwa sababu hiyo ndugu zangu hawakumpenda sana. Mimi nilimpenda.

Mwaka ule mwanangu wa kwanza aliingia jandoni. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Baba yake analipa ada ya shule na anapigiwa shikamoo, lakini jandoni anayempeleka ni mjomba, na anayemtoa ni mjomba. Basi kaka alimpandisha mpwa wake Mkunya, na siku ya kutoka ikapangwa kwamba atamleta kwangu Lulindi kwa baiskeli yake, mbele ya watu, mtoto amevaa nguo mpya.

Yaliyotokea Mkunya asubuhi hiyo nilisimuliwa baadaye na wifi na mama, kila mmoja kwa wakati wake. Alfajiri wifi alijitayarisha kuteremka bondeni kuteka maji, maana huko juu maji hakuna na foleni ya kisimani haisubiri sherehe. Mlangoni akamwambia mumewe, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, "Leo umebeba mtoto wa mwenzio. Ukishuka bila gogo, bora usirudi kwangu." Kisha akajitwika ndoo akaenda zake. Kaka naye akaenda kwenye kambi ya jando kumchukua mwanangu, mwali wa siku hiyo.

Nyumbani akabaki mama na baiskeli.

Mama yangu alikuwa na mkono wa mafuta. Ufuta aliulima mwenyewe, akautwanga, akaukamua, na hakuna mjukuu aliyetoka kwake bila kung'aa kisogo. Siku ya mwali kutoka alipaka kila kitu ambacho mwali angekigusa: kigoda, fimbo, hata mguu wa kitanda. "Mwali habebwi na kitu kikavu," alizoea kusema, na mama yake alisema hivyohivyo kabla yake. Mwaka ule cha kumbeba mwali kilikuwa baiskeli. Mama akaiosha kwa maji ya kunywa, maji yaliyopandishwa mlima kichwani, kisha akachukua kitambaa na chupa yake. Akapaka mikono ya baiskeli, fremu, spoku, na vile visahani viwili, mbele na nyuma, mpaka vikameta. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za diski. Nani angefikiria kumwambia?

Kaka alirudi na mtoto katikati ya vigelegele. Baiskeli nzima iling'aa, hivyo hakuona kipi kimeng'aa kwa kosa. Alimshukuru mama, akampakia mpwa wake, wakaondoka. Kwenye mchanga hakuna anayehitaji breki. Ukingoni aliwakuta wanaume wakikata magogo, wakamwita achukue lake. Aliwapungia mkono akapita.

Mwanangu aliniambia, "Mjomba alibana, mama. Akabana tena." Kwenye kona ya pili kaka alimsukuma mtoto kwenye majani marefu ya kando, kwa nguvu zote za mkono mmoja. Mtoto alivunjika bega. Baiskeli na mwenyewe vilikwenda kwenye mawe.

Sisi tulikuwa chini, ngoma zinalia, pilau ipo jikoni. Tuliona watu wanashuka na kitanda mabegani. Nilijua kabla ngoma hazijanyamaza.

Kaka alilazwa kwenye chumba changu wakati gari la kumpeleka hospitali linatafutwa. Akili yake ilikuwa timamu. Alinivuta karibu. "Mdogo wangu, ni mafuta. Nilipobana nilisikia harufu ya ufuta." Akapumzika, akasema tena, "Usimwambie mama. Unanisikia? Usimwambie kamwe." Nikamwitikia. Gari lilipofika hakukuwa na haja nalo.

Nilinyamaza matanga yote, mimi niliyeumbwa bila breki. Nilimwona mama akikaa kwenye mkeka anamlilia mwanawe, na nikaona kaka alifanya hesabu sahihi: huyu ataweza kuishi na kifo hiki, lakini hataweza kuishi akijua ni mkono wake mwenyewe. Nilikula yamini moyoni kwamba siri hii nitaingia nayo kaburini.

Lakini maneno ya wifi mlangoni yalikuwa hayajasahauliwa. Yalitembea nyumba kwa nyumba, na kila yalipopita yaliongezwa chumvi. Bora usirudi. Kwa nini aseme vile? Kwa nini asiwepo kumuaga mumewe siku kubwa kama ile? Alikwenda bondeni kuteka maji au kufanya mengine? Watu walioshuka ule mteremko maisha yao yote, wanaojua mawe yake yote, waliona ni rahisi zaidi kuamini uchawi.

Siku ya arobaini mjomba wetu, kaka yake mama, alisema kilichokuwa kikisemwa pembeni. "Mwanamke huyu alimtamkia mumewe kifo, nacho kikaja. Arudi kwao. Nyumba na mikorosho ni ya ukoo." Wanaume wakaitikia. Wifi alikaa amejifunika khanga mpaka machoni. Mwanamke aliyekuwa na jibu la kila kitu hakujibu, na kunyamaza kwake ndiko kulikonichoma.

Nilipandwa na hasira. Niliwakasirikia wazee, na nilimkasirikia kaka aliyeniachia mzigo wa namna hii akaenda kulala. Nilimpenda, Mungu ni shahidi. Lakini maiti hafukuzwi nyumbani kwake.

Nikasimama nikasema. Nilisema alichotuambia muuzaji, nikasema aliyoyasema kaka kitandani. Jina la aliyepaka sikulitaja. Halikuhitaji kutajwa.

Kisha mama akasema, "Ileteni."

Wakamletea mabaki ya baiskeli kutoka nyuma ya nyumba. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja, diski bado ipo, imeganda vumbi jekundu kama maandazi yaliyoanguka mchangani. Mama akapitisha kidole, akakinusa. Akakinusa tena.

"Ni wangu," alisema. "Ufuta ni wangu."

Akainuka, akajikokota mpaka alipokaa wifi, akakaa naye chini. "Nkwe wangu, mke wa mwanangu, usiende popote," akamwambia. Wifi yumo kwenye nyumba ile mpaka leo, na korosho anaokota yeye.

Nimeulizwa na ndugu kama sijutii. Ningerudishwa pale ningesimama tena. Lakini sijidanganyi kwamba haikumgharimu mtu.

Mwaka uliofuata nilimpeleka mwanangu Mkunya kumsalimia bibi yake. Bega lilikuwa limeunga vibaya, na miguu yake imepauka kwa vumbi la njiani. "Shikamoo, bibi," alisema, akainamisha kichwa apakwe kama zamani. Mama akaitikia marahaba. Mikono yake ilibaki ndani ya khanga. Nilimtazama vizuri, ndipo nikaona ngozi yake mwenyewe imekauka, imechanika visigino na viwiko kama ya mtu asiye na jamaa.

"Mwite mke wa mjomba wako," akamwambia mtoto. "Akupake yeye."

Wifi akaja na chupa. Alipoanza kumpaka, ile harufu ikajaa chumbani, na mama akageukia ukutani mpaka alipomaliza.